Chumba cha Nne

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne na robo asubuhi. Ndiyo siku na ndiyo saa mambo yangu yote yalipoharibika, na wakati yanaharibika mimi nilikuwa nimefukiwa mchangani mpaka kifuani, siwezi kukimbia, siwezi hata kujikuna pua.

Aliyenifukia ni mwanangu mdogo wa kike, miaka minane. Nyumbani tunamwita Chubwi, kwa sababu tangu anatambaa akiona beseni la maji lazima ajitose. Alikuwa anaushindilia mchanga kifuani kwangu kwa kitako cha sufuria, ulimi nje.

"Usicheke, baba. Ukicheka unapasuka."

"Sicheki, mama."

"Na usipumue sana."

Nyuma yake, chini ya mivinje, dada yake alikuwa analizunguka hema letu. Alilizunguka mara ya kwanza, nikaona ni kawaida. Alipolizunguka mara ya pili, nikaacha kumsikiliza Chubwi.

Hema lile nililishona mwenyewe. Kazi yangu ni maturubai ya malori. Miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya cherehani moja kando ya barabara kuu. Nilikusanya mabaki ya turubai, nikayaunga jioni baada ya jioni, miezi miwili, likatoka hema la vyumba kama nyumba ya mtu mwenye cheo. Nikavimba kichwa. Nikavimba hata nikasahau binti yangu mkubwa anafanya kazi gani.

Binti yangu ni karani wa ghala. Kutwa anahesabu. Akienda msibani anarudi anakwambia viti vilikuwa mia na themanini, viwili vimevunjika mguu.

"Baba," aliita. "Hivi sisi tumekuja wangapi?"

"Si unatuona? Wanne."

"Mimi na Chubwi tunalala pamoja. Mama Mkubwa peke yake. Wewe peke yako. Hivyo ni vyumba vitatu."

"Ehe."

"Mbona vipo vinne?"

"Hicho cha mizigo," nikasema, na mchanga ukapasuka kidogo.

Akainama, akaingia. Nilisikia sauti yake ikitokea ndani ya turubai.

"Mizigo yetu ina heshima zake kumbe. Imewekewa dirisha la wavu. Halafu hapa, usawa wa mto, kuna kimfuko. Kidogo hivi. Ndani kimetiwa kitambaa laini." Akatoa kichwa nje. "Mfuko wa nini huu, baba?"

Nikatazama bahari. Bahari haikunisaidia.

"Ni wa miwani," akasema mwenyewe, polepole. "Katika ukoo wetu, nani anavaa miwani?"

Kwenye ndoo iliyogeuzwa alikuwa amekaa huyo Mama Mkubwa wao, shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu mke wangu, anamenya viazi. Gari tulilokuja nalo ni lake, na yeye ndiye aliyeliendesha usiku kucha, safari ya saa tisa nzima, kwa ukali kana kwamba barabara imemkosea. Hakuacha kumenya.

"Shemeji," akasema, "jibu swali la mtoto."

Mtu akikupa habari ya namna hii akiwa amekaa kwenye kochi, ana sehemu ya kuweka mikono. Mimi mikono yangu ilikuwa chini ya ardhi. Basi nikasema tu.

"Kuna mwanamke. Nataka kumwoa. Anakuja kesho. Nilikuwa niwaambie leo jioni tukishakula."

Kisu cha viazi kilisimama. Chubwi naye akasimama na sufuria yake.

"Anajua kuogelea?" akauliza.

Dada yake aliokota ndoo tupu ya maji, akaelekea kwenye bomba la kambi bila kugeuka nyuma, na alivyokuwa anatembea nilimwona mama yake kabisa. Marehemu naye alikuwa akikasirika hapigi kelele. Anakwenda kuteka maji.

Nilijitoa mchangani kwa nguvu, mchanga umeingia mpaka masikioni. Msimamizi wa kambi, kijana mmoja mwenye kofia, akanipigia filimbi kutoka mbali eti nimeacha shimo. Mpe mtu filimbi tu, hata bahari ataipangia zamu. Nilifukia shimo langu huku shemeji ananisubiri.

"Miaka mitatu tu tangu tumzike, shemeji," akaanza.

"Mitatu na miezi minne."

"Na hukuona pa kutuambia ila huku, tumekwama wote pamoja?"

"Nyumbani mngeondoka mkaniacha naongea na mlango."

"Ni mjane?"

"Hajawahi kuolewa."

"Kazi yake?"

Hapo nikajipangusa mchanga masikioni. "Ofisini," nikasema. "Mambo ya barabara."

"Mambo ya barabara yapi?"

"Ya barabara tu, shemeji! Barabara si barabara?"

Alinitazama sana. Halafu akarudi kwenye viazi vyake, lakini sasa alikuwa anavimenya vinene, nusu ya kiazi inakwenda na ganda.

Wewe unayesoma, acha nikwambie nilichomficha. Mke wangu aliondoka siku ya Jumanne, kwa kidole tumbo kilichopasuka. Gari la wagonjwa lilikuwepo, magurudumu yote manne, mafuta tele, ila lilitaka sahihi ya mkubwa fulani na huyo mkubwa alikuwa semina. Tukapanda lori la saruji la mteja wangu. Mgonjwa na binti yetu mbele na dereva, mimi nyuma juu ya mifuko. Tukafika mizani, pale malori yanapopimwa uzito, tukazuiwa dakika hamsini. Lori limezidisha. Mkuu wa kituo anataka fomu ijazwe kwanza. Mke wangu alikata roho kwenye geti la hospitali, na daktari akaniambia, "Mngewahi nusu saa tu." Tangu hapo sina salamu na mtu yeyote anayekaliwa na kiti cha kuzunguka. Nasema anakaliwa, maana vile viti ndivyo vinavyowakalia.

Na mwanamke niliyemshonea chumba anafanya kazi mizani. Madereva wanamwita Bi Mizani. Siku ile alikuwa zamu.

Sikulijua hilo mwanzoni. Alikuja kibandani kwangu mwaka jana, anataka pazia la turubai kwa dirisha la ofisi yao, jua linawachoma. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaniangalia na macho matupu, yale macho ya mtu asiyeona vizuri, kama yanakuuliza jambo. Nikakosea kipimo. Miaka ishirini na tano nilikuwa sijawahi kukosea kipimo. Akalirudisha, nikakosea tena, na safari ile makusudi. La tatu alipolileta hakuliweka hata mezani.

"Fundi," akasema, "kabla hujaendelea kunikosea vipimo, kuna jambo ulijue." Akanieleza. Lori la saruji, siku, saa, rangi ya kitambaa cha mke wangu.

Nilimfukuza. Nilimtupia na pazia lake. Wiki tano sikumwona, na wiki ya sita nikajikamata nasikiliza kila lori linalotoka upande wa mizani, kama vile limembeba yeye. Nikavaa shati safi nikamfuata. Kutoka siku hiyo nikakata shauri, na mimi nikikata shauri ni kama nimekata turubai, halirudi kuwa zima.

Basi. Saa tano hivi nikasikia Chubwi anapiga kelele za furaha kwenye maji. Nikageuka. Alikuwa ameshikana mikono na mtu mzima, wanaruka mawimbi. Mtu mwenyewe amekunja suruali mpaka magotini, miwani imejaa matone, tikiti maji limeachwa mchangani kama mtoto aliyelazwa.

Bi Mizani. Alikuwa aje kesho.

"Nimebadilishana zamu!" akanipigia kelele. "Nimeshindwa kungoja!" Wimbi likampiga kiunoni, akacheka, akashika miwani kwa mkono mmoja na mwanangu kwa mkono mwingine. Sikuwahi kumwona akicheka nje ya kazi. Pale mizani anacheka kwa midomo tu. Hapa alikuwa anacheka na mabega, na shingo, na vidole. Nikasimama kama nguzo. Nina miaka hamsini na mbili, nina mgongo mbovu, na nilitamani kuingia kwenye yale maji na nguo zangu zote nimwambie asimame hapo hapo, asizeeke, asiondoke.

"Ruka sasa!" Chubwi akamwamuru. "Usipofumba mdomo unakunywa!"

"Nimeshakunywa!"

"Baba, huyu hajui kuogelea, lakini anafundishika!"

Ndipo binti yangu akarudi kutoka bombani.

Aliona. Alitua ile ndoo taratibu, kama ina mayai, na maji hayakumwagika hata tone. Alitembea mpaka ukingo wa maji. Bi Mizani alimwona, akaacha kucheka, akamwachia Chubwi mkono. Akatoka majini akasimama mbele yake, suruali inachuruzika.

"Wewe ni wa dirishani," binti yangu akasema.

"Ndiyo."

"Nilikugongea kioo."

"Mara tatu."

"Nikakwambia mama yangu anakufa."

"Uliniambia." Hakuinamisha macho. "Nikaenda kwa mkuu. Akasema fomu kwanza. Nikarudi nikakaa. Ufunguo wa kizuizi ulikuwa kwenye droo yangu, mwanangu. Ningeweza kufungua. Nikaogopa kazi. Nikakaa."

"Usiniite mwanangu."

"Haya. Sikuiti."

Shemeji alikuwa ameshafika, kisu bado mkononi, maganda ya viazi kwenye vidole. Alimwangalia mgeni, akaniangalia mimi.

"Mambo ya barabara," akasema. Hayo tu. Ningefurahi kama angenipiga.

Binti yangu alinigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Na ukamshonea chumba."

"Nikamshonea chumba."

"Baba! Miaka mitatu kila jioni unawalaani watu wa mizani! Mpaka Chubwi anazijua laana zote kwa mpangilio!"

"Nazijua," Chubwi akasema, sauti ndogo. "Inaanza na wapate upele."

"Nyamaza, Chubwi."

"Na wakose kucha."

"Chubwi!"

Sikusoma mimi, niliishia darasa la tano, na nikiwa na hasira maneno yananikimbia. Lakini siku hiyo hayakunikimbia. Yalikuja yote, yakajipanga foleni.

"Sikiliza, binti yangu. Niliwalaani kwa sababu hapakuwa na mtu. Mwenye sahihi ya gari la wagonjwa, mpaka leo simjui sura. Mkuu wa kituo alihamishwa, akapewa kituo kikubwa zaidi. Daktari alinipa pole huku anaangalia saa. Nilikwenda ofisi zao, wewe unajua, nilikwenda mpaka soli ikaisha. Kila dirisha linanielekeza dirisha jingine. Mama yenu amekufa na hakuna aliyemuua, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyekuwepo. Mmoja tu, katika wote hao, mmoja alikuja kwa miguu yake akasimama mbele ya cherehani yangu akasema, mimi nilikuwepo. Hakuna aliyemtuma. Angeweza kuchukua pazia lake akaenda zake."

"Kwa hiyo umempenda kwa sababu hiyo?"

"Hapana. Nilimpenda kabla. Kwa sababu hiyo ndiyo nimeshindwa kuacha."

Upepo ulikuwa unalichezea hema. Bi Mizani alinitazama mara moja tu, haraka, na jicho lile lilinikaa mwilini kama mkono. Halafu akarudi kumtazama binti yangu.

"Namwoa," nikasema. "Siombi ruhusa, na sikuvunjii heshima. Nakwambia wewe hasa kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa naye mle mbele ya lori. Kasirika mwaka mzima, nitakaa na hasira zako. Nitazipikia chai. Lakini namwoa."

Shemeji akachomoa funguo za gari mfukoni. "Mimi nageuza gari. Wasichana, kusanyeni nguo. Mdogo wangu hakuzikwa ili mizani ije iketi mahali pake."

"Mimi siendi," Chubwi akasema. "Bado sijamfundisha kuelea."

"Hakuna anayegeuza gari, dada," Bi Mizani akasema. Hakupandisha sauti, lakini nikajua kwa nini madereva wa matrela makubwa wanamtii. "Basi la kurudi linapita saa kumi. Kama ni kuondoka, nitaondoka mimi."

"Ukipanda na mimi napanda," nikasema.

"Wewe Fundi hupandi popote, una watoto. Na hebu nyamaza kidogo, umeshasema yako." Shemeji alishtuka. Nadhani tangu mdogo wake afariki hajasikia mtu ananiambia ninyamaze nikanyamaza. "Atakayeniambia niende si Fundi, na si wewe dada, samahani. Ni huyu. Aliyegonga kioo ni yeye."

Binti yangu alikuwa ameikunja mikono kifuani. Alimkagua yule mwanamke kuanzia miguu iliyojaa mchanga mpaka miwani yenye chumvi, kama anavyokagua shehena ambayo anajua kuna kitu kimepungua.

"Leo hii mtu akikugongea," akasema mwishowe, "unafanya nini?"

"Nafungua. Maelezo baadaye. Nimeshafungua mara nne tangu siku ile. Nina barua mbili za onyo. Ya tatu ikija nafukuzwa."

"Ukifukuzwa je?"

"Nitakuwa nimefukuzwa. Nitamsaidia baba yako kukosea vipimo."

Binti hakucheka. Lakini mikono ilishuka kidogo.

"Ulimwona mama? Au uliniona mimi tu?"

"Nilimwona." Bi Mizani alivua miwani. Hakuifuta, aliishika tu. "Nilikuwa nawatazama kupitia kioo. Wewe ulikuwa umempakata kichwa. Na yeye, na maumivu yake yale, alikuwa amenyoosha mkono anakupangusa jasho wewe. Paji la uso, halafu huku shingoni. Wewe unalia, yeye anakupangusa. Kila uliporudi kwenye lori, tena vile vile. Nikifumba macho bado nauona ule mkono."

Mimi nilikuwa nyuma, juu ya saruji. Sikuyajua hayo. Miaka mitatu binti yangu hakuwahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kumuuliza, na nilipomtazama nikaona kiganja chake kimepanda chenyewe mpaka shingoni, kikakaa pale.

"Nilidhani niliota," akasema. "Nilidhani nimejitungia."

"Hukujitungia."

Shemeji aligeukia mivinje akajifuta uso kwa mkono wenye maganda ya viazi. Chubwi alikuja akaegemea mguu wangu, akauliza kwa kunong'ona kama bado tunagombana, nikamwambia sijui.

Nilitaka kusogea. Nilitaka kumshika mmoja wao, au wote wawili, lakini nilibaki pale pale, kwa sababu kile kilichokuwa kati yao hakikuwa changu. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri, na lingebaki limekatwa hata kama wangenikimbia wote. Lakini kuoa nyumba nzima ni jambo jingine, na hilo hakuna fundi anayeweza kulishona peke yake.

Bi Mizani alirudisha miwani usoni. Akasimama wima.

"Sikuombi unisamehe," akamwambia binti yangu. "Na mama yako siwezi kuwa, hata nikijaribu nitachekesha. Lakini nampenda baba yako, na nataka kukaa, na sitakaa kama kivuli kwenye nyumba ambayo wewe unanipita mlangoni bila kunitaja. Kwa hiyo nakuuliza, na ukisema nipande basi napanda sasa hivi, sitanung'unika. Nikikaa, mimi utaniitaje?"